Kwaresima ya Mekuria

Kwa miaka kumi na moja Yeshimebet alimpa mdogo wake Mekuria vidonge kwa mkono wake mwenyewe, viwili asubuhi na kimoja jioni, na haondoki mpaka ameona koo limecheza. Sisi majirani tulimcheka. Tulisema huyu amekosa mume, akaamua kuolewa na kikopo cha dawa. Yeye alisokota pamba, Mekuria akafuma, na shuka zao zilitafutwa na kila mwenye harusi hapa mjini Shewa Robit. Usingeamini kwamba Mekuria huyo huyo aliwahi kukimbia uchi sokoni akijitangaza mfalme wa mito yote.

Dawa yenyewe ilikuwa litiamu, ya kuzuia ule wazimu usirudi. Bezawit, muuguzi wa zahanati, binti mwenye sauti kali, alirudia maneno yale yale kila mwezi: "Dada Yeshi, anywe maji mengi, mwili ukikauka dawa hii inageuka sumu. Akitapika, au akianza kutetemeka, usimpe hata kidonge kimoja. Mlete siku hiyo hiyo." Yeshimebet aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameyasikia mara nyingi hata hayamwingii tena.

Kwaresima Mekuria hakuwa akifunga. Mgonjwa ameruhusiwa, na Aba Tekle, padri wao wa maungamo, alikwisha kumwambia hivyo. Sisi wengine, kwa siku hamsini na tano, hatutii kitu kinywani mpaka saa tisa alasiri, hata tone la maji, na jua la huku si la mchezo. Mwaka ule nilimkuta mlangoni asubuhi anatafuna mkate. Mimi na mdomo wangu!

"Mekuria, saa hizi mnaokula ni wewe na watoto wa kunyonya."

"Mimi mgonjwa, dada Etagegn."

"Mgonjwa gani anamaliza shuka mbili kwa wiki? Sema tumbo limekushinda."

Akacheka, nami nikacheka. Kesho yake akamwambia dada yake kwamba anafunga kama wanaume wengine, na akikatazwa atavimwaga vidonge chooni. Naona aibu kuliandika hili, lakini ndivyo lilivyoanza.

Yeshimebet akamwendea Aba Tekle.

"Aba, na dawa je? Akimeza asubuhi si amefungua?"

"Ameze baada ya saa tisa, binti yangu. Mungu anaona moyo."

Padri alijibu alichoulizwa. Habari ya maji hakuna aliyeigusa. Zahanati iko mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, lakini Yeshimebet hakwenda, kwa kuwa Bezawit angefoka. Akaanza kumpa vidonge vyote vitatu kwa pamoja jioni, na mchana kutwa Mekuria akawa amekaa miguu ndani ya shimo la kitanda chake cha kufumia, anatoka jasho, mdomo umekauka.

Wiki ya sita mikono ikaanza kutetemeka. Uzi ukawa unakatika ovyo. Akila mchuzi wa dengu anautapika, na maneno yake yakawa mazito kama ya mlevi. Yeshimebet alifikiri ni ule ugonjwa unarudi, kitu alichokiogopa kwa miaka kumi na moja. Akajiambia dawa haitoshi kwa sababu inamezwa mara moja tu. Akaongeza kidonge cha nne. Baada ya siku mbili akaongeza cha tano.

Nami sikukosa la kusema. "Mwache, Yeshi," nilimwambia. "Hujaona watu wanavyotetemeka kwenye maji ya baraka? Ni pepo anatoka."

Jumamosi, kesho yake ikiwa Jumapili ya Mitende, Mekuria alianguka akiwa kazini na hakuweza kujitoa shimoni. Tulimbeba mpaka zahanati. Bezawit alimshika mkono, akamfunua jicho.

"Anakunywa maji kiasi gani?"

"Anafunga," Yeshimebet akasema.

"Vidonge vingapi?"

"Vinne. Jana vitano. Nilimwona anatetemeka, ndiyo maana..."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele za Bezawit. Hakufoka. Alitoka mbio kutafuta gari la kumpeleka hospitali kubwa. Huko walisema figo zimekufa. Mekuria naye alifariki Jumatano.

Chama cha mazishi kilisimamisha turubai, tukapika, tukalia. Kila aliyeingia alisema maneno yale yale: amekufa amefunga, malaika wamempokea, jasiri kuliko sisi wazima. Mimi nilidhani maneno yale yanamfariji Yeshimebet. Kisha Aba Tekle akasimama kusifu mfungo wa marehemu, mtu aliyepewa ruhusa akaikataa kwa kumpenda Mungu.

"Aba, acha," Yeshimebet akasema. Hakupaza sauti, lakini turubai zima lilisikia. "Ijumaa saa nne asubuhi aliniomba maji. Nikamwambia avumilie, zimebaki saa tano tu."