Dola Niliyoisugua kwa Ukwaju

Ilikuwa Jumamosi, mwanangu, na siisahau, kwa sababu mpaka leo nikikaribia ukumbi ule wa Woolwich, hapa London, huvuka barabara. Siku hiyo nilimvunjia mtu mzima safari yake, na nilimvunjia kwa mapenzi. Kaa nikueleze kabla hujaondoka. Simu iweke kando, nakuona.

Na simu yenyewe ndiyo iliyonichokoza. Juzi binti yangu, yule ambaye ukimsemesha Kiswahili hukujibu Kizungu, alinionyesha dola mpya za Kimarekani, zile za chuma zenye rangi ya dhahabu, ambazo kila mara hutolewa na picha nyingine. Chini yake watu wanatukanana: huyu asema picha ni nzuri, yule asema takataka, wa tatu auliza zina faida gani ikiwa hakuna anayezitumia dukani. Nikacheka, kisha kicheko kikanikauka. Maneno hayo hayo niliyasikia zaidi ya miaka ishirini nyuma, dola hizo zilipokuwa ndiyo kwanza zatoka, nami nimekaa kitini.

Wakati huo nilikuwa msichana wa miaka ishirini na tatu, mgeni wa London, nimetoka Mombasa kuja kusomea unesi. Nilipanga chumba katika fleti ya Mzee Mbwana, mtu wa Pangani, aliyefanya kazi kwenye treni za chini ya ardhi hata akastaafu. Mkewe alikuwa amefariki, na watoto hawakujaaliwa. Alichobaki nacho ni sarafu. Alikuwa nazo za nchi chungu nzima, kila moja na kikaratasi chake, na alizishika ukingoni tu, hivi, kwa ncha za vidole. Mimi nikimwona kama mtu aliyekosa kazi ya kufanya, Mungu anisamehe.

Moja ilikuwa na thamani kubwa. Ilikuwa dola ya fedha ya kale, upande mmoja kichwa cha mwanamke, upande wa pili tai. Imefifia, nyeusi nyeusi, na ukingoni ina samawati na zambarau kama mafuta ya taa yaliyomwagika majini. Hiyo ndiyo ilikuwa nauli yake. Dada yake wa pekee, Bi Mwanaisha, alikuwa mgonjwa kule Pangani, na kila wakiongea kwa simu alikuwa na neno moja tu: "Mbwana, njoo nikuone." Pensheni haikufika tiketi. Basi Mzee akapatana na Bwana Mutiso, mwalimu kutoka Machakos aliyekuwa akikaa Thornton Heath, mkusanyaji sarafu mwenziwe, kwamba Jumamosi kwenye mkutano wao ataileta dola, na Mutiso atainunua. Kiti cha ndege kilikuwa kimeshawekwa, cha Jumatano.

Ijumaa Mzee akarudi kutoka msikitini, akala, akajinyoosha. Mimi nikafungua sanduku lake la sarafu. Sikuwa na nia mbaya, wallahi. Kwetu, mwanangu, mgeni hawekewi chombo kichafu. Idi ikikaribia mama yangu alitukalisha uani na masinia ya shaba, mabirika na vyetezo, ukwaju huku, majivu huku, sugua mpaka uyaone meno yako mwenyewe. Nikaitazama ile dola nikaona aibu kwa niaba ya Mzee: hivi kweli ampelekee Mwalimu kitu kimeota kutu namna hii? Ukwaju nilikuwa nao, nimeununua sokoni hapo Woolwich. Majivu ningeyatoa wapi? Nikatia chumvi, nikamalizia na dawa ya meno.

Nikasugua. Loo, nilisugua! Weusi ukatoka, samawati ikatoka, zambarau ikatoka, dola ikabaki nyeupe inameta. Nikaisuuza, nikaifuta kwa kanga, nikairudisha ndani ya kitambaa chake. Nikajiambia, kesho Mzee akifungua atanibusu kichwa.

Sikumuuliza. Mtu alikuwa chumba cha pili, hatua sita, na sikumuuliza.

Mkutano wenyewe ulikuwa katika ukumbi nyuma ya kanisa, watu kumi hivi, birika la chai, na mandazi ya Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu aliyekuwa akisafisha maofisi na kukaa Kilburn. Yeye alikusanya pesa za nchi yake, maana nchi hiyo ilibadilisha jina na pesa mpaka akili zikachoka. Mzee akaweka sanduku mezani, akalifunika kwa kiganja cha kushoto. Ilikuwa adabu yao: kwanza mazungumzo, kisha ndipo masanduku yafunguliwe. Na mazungumzo ya siku hiyo yalikuwa dola mpya. Mutiso alikuwa ameletewa tatu kutoka Marekani, akazipitisha mkono kwa mkono.

Mama Furaha aliipenda picha. Upande mmoja palikuwa na mama amebeba mtoto mgongoni.

"Anabeba mtoto sawa sisi!" akasema, akaibusu. "Lakini musinidanganye, haiko ya kutumika. Kwetu tunatumikisha dola kila siku. Noti ikipasuka kidogo tu, wanaikatala. Hii ya chuma haipasuke, ni kweli. Lakini uende nayo ku soko, watakuambia peleka watoto wacheze."

"Si ndiyo hiyo nasema," Mutiso akadakia. "Ni sarafu safi, lakini haina kazi. Wamarekani wamebaki na noti yao ya dola moja. Hapa noti ya pauni iliondolewa, watu wakazoea chuma, wapende wasipende. Ukimwachia mtu zote mbili, atakunja noti aweke kwa mfuko."

Mzee Mbwana alikuwa mtu wa kusubiri wenziwe wamalize. Akasema, "Mnaisifu kwa sura. Mimi pesa naijua kwa mikono iliyoishika, na hii bado haijashikwa na mtu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Serikali ikianza kuitembeza sarafu yake kama muuza karanga, ujue ina walakini."

Watu wakacheka. Nami, kwa kiherehere changu, nikaona nichangie. "Lakini si inang'aa, Mzee! Afadhali hii kuliko yale mazee meusi yenu. Kwani hamyasugui?"

Kicheko kikakatika. Mutiso akanigeukia kwa upole wa mwalimu.

"Ngai! Dada yangu, usiwahi. Sarafu ya kale ikisuguliwa imekufa. Ile rangi imejitengeneza miaka mia, na ukiitoa umetoa na ngozi. Mtu akiniletea iliyosuguliwa, nampa bei ya fedha kwa uzani, basi, hata awe ndugu yangu wa tumbo moja."

Nikakitazama kiganja cha Mzee juu ya sanduku. Kilikuwa kimetulia, chenye mishipa. Wao wakarudi kwenye dola zao, kama rangi ile itadumu, kama mashine za tiketi zitaikubali, kama mchoraji alimpatia mama yule macho au alimkosea, na mimi nikawa nasikia sauti bila maneno. Nusu saa nzima. Nikawaza nimwage chai juu ya meza, nikawaza nitoroke na sanduku, nikawaza labda hawataona. Wasione vipi, na kitu kinameta kama kijiko kipya?

Nikajitia udadisi. "Mwalimu, na iliyosuguliwa hairudishwi kamwe ikawa ya zamani?"

"Wako watu huifungia kwa mkebe na mayai ya kuchemsha hadi ishike weusi," akasema. "Ni uongo tu. Mwenye macho hadanganyiki."

Hapo Mzee akainuka kwenda kujimiminia chai. Akapita nyuma yangu, akaniwekea mkono begani. "Mbona huli, Zuhura? Au umeshaanza kuniona nimeondoka? Jumatano utanisindikiza uwanjani?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pangu, mwanangu. Ameinama, sikio lake liko hapa, hakuna anayetusikiliza, na sanduku bado limefungwa. Neno moja tu lilitosha. Nikafungua mdomo, nikasema, "Nitakusindikiza, Babu."

Akarudi kukaa. Dola mpya zikamalizika kusemwa. Mutiso akatoa kioo chake cha kukuzia, akakipangusa kwa shati, akavuta kiti karibu. Mzee akafungua sanduku, akafunua kitambaa.

Mutiso hakuhitaji hata kioo. Aliishika ukingoni, akaigeuza mara mbili, akaiweka chini taratibu.

"Mzee," akasema, "nani ameigusa hii?"

Mzee Mbwana aliitazama dola yake. Kisha akanitazama mimi. Sijui aliona nini usoni kwangu, lakini aliona yote, na mimi nikaona ameona. Akamgeukia Mutiso.

"Nimeisugua mimi."

"Weye, Mzee?" Mama Furaha akashangaa. "Haiwezekane!"

Na kweli haikuwezekana, kwa sababu nusu ya watu wale ni yeye aliyewafundisha namna ya kushika sarafu. Niliona wanavyomtazama, nikaona wanaanza kumhurumia, wanasema moyoni uzee umemwingia kichwani. Hilo lilinishinda. Nikasimama, kiti kikaanguka. "Si yeye! Ni mimi, ni mimi niliyeisugua!"

"Kaa chini, Zuhura," akasema, na hakupandisha sauti.

Mutiso alisikitika sana, maskini. Naye ni mwalimu, alikuwa amejinyima kwa ajili ya dola ile, na asingeweza kulipa thamani ya kitu ambacho hakipo tena. Alitaja bei ya fedha kwa uzani. Mzee akamshukuru, akafunika kitambaa, akafunga sanduku. Tukatoka.

Kituoni basi letu lilikuja, likasimama, akaliacha liende. Nilikuwa nalia hadharani kama mtoto, nasema nisamehe Babu, nisamehe. Akaningoja ninyamaze.

"Kuisugua ulikuwa ujinga," akasema. "Ujinga sina ugomvi nao, hata mimi nilipokuwa kijana niliziosha kwa sabuni. Ungeniuliza ningekwambia, na asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Lakini nilipita nyuma yako, nikakushika bega. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ungenong'ona. Ningeondoka na sanduku langu limefungwa, nikamwita Mutiso pembeni, tukayamaliza kama wanaume wawili. Labda tungepata njia nyingine, labda tusingepata. Lakini wewe ulinyamaza wakati neno lako lilikuwa la kunisaidia mimi, ukapiga kelele wakati lilikuwa la kukupa nafuu wewe. Kelele ile haikunifaa kitu."

Nilitaka ardhi inimeze. Angenitukana ningeona nafuu.

Jioni nilimsikia akizungumza na dada yake, nami niko jikoni na maji yananichuruzika machoni. "Jumatano sitawahi, Mwana. La, siumwi. Mambo yameingiliana tu. Ngoja kidogo." Hakunitaja. Mama Furaha akapitisha mchango kwa watu wa ukumbi, Mutiso akawa wa kwanza kutoa, mimi nikachukua shifti mbili za kibarua kila siku mpaka miguu ikavimba. Ilichukua wiki tatu. Mzee akapanda ndege akiwa na begi moja. Alipofika Pangani alikuta tanga limeshaanuliwa, watu wametawanyika, na kaburi la dada yake lina siku tano.

Alirudi. Tulikaa nyumba moja miaka mingine minne, akala chakula changu, akaniita mwanangu, na nilipomaliza masomo ndiye aliyenipiga picha na kofia ya mahafali. Nilimuuliza mara moja kama amenisamehe. Akasema, "Siku ile ile. Lakini usiniulize kama inauma." Sikuuliza tena.

Sasa nisikilize. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nimemlea miaka mingi, sitaki uje ulee wako. Kabla hujamfanyia mtu wema, muulize kama ndio wema anaoutaka. Kilicho kichafu machoni pako kinaweza kuwa ndiyo mali yote aliyo nayo. Hatua sita tu, nenda ukamuulize. Na ukikosea, maana utakosea, Woolwich au kokote uendako, basi kosa lako liseme wakati bado lina faida kwa uliyemkosea. Usingoje lifunuliwe mbele za watu ndipo usimame ulie. Miaka niliyofanya kazi wodini nimewahi kumpa mgonjwa dawa isiyo yake, na kabla kikombe hakijakauka nilikuwa nimeshamwita daktari. Nilikaripiwa vibaya sana. Mgonjwa yule alirudi nyumbani kwa miguu yake.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mkono usioutangulia ulimi. Akupe ujasiri wa kunong'ona mapema. Na wale wanaokwambia njoo nikuone, akufikishe kwao wangali hai. Amina.