Utando wa Maziwa

Nimeshika pakiti dukani. Imeandikwa kwamba maziwa yameondolewa mafuta ila kalisi, madini ya mifupa, imebaki, nami nakumbuka siku ile kliniki, nilipokuwa mtoto.

Mdogo wangu alikuwa ananing'inia kwenye mizani, miguu imekonda. Tangu mama afariki, bibi yetu wa Goweko alimlea kwa maziwa ya ng'ombe wake mmoja, na kazi ya kuyachemsha ilikuwa yangu. Kila asubuhi utando wa manjano ulipoganda juu ya sufuria, niliuzoa kwa kidole nikaulamba, kisha nikajazia maji ili bibi asione pengo.

"Bibi, mtoto hapandi uzito," nesi alisema. "Mnamchanganyia maji?"

"Hata tone." Bibi akanigeukia. "Si ndiyo, mjukuu wangu?"

Niliona kama mizani yenyewe inanitazama. Nikaitikia kwa kichwa.

Basi bibi akaamua kwamba mbaya ni ng'ombe, maziwa yake mepesi. Tulimpeleka mnadani, kamba nimeishika mimi. Nilipokuwa namkabidhi kwa mnunuzi, ng'ombe aligeuka, akanilamba kidole kile kile.