Bendeji Nne Nilizoacha Likoni

Mchana ule nilikuwa barazani kwetu Likoni, nikipakia kisanduku cha dawa cha jeshi. Kesho yake tungepanda meli kwenda vitani Bama, Mashariki ya Mbali. Mimi nilikuwa dresa, mfunga majeraha wa kikosi, na kupakia nilikujua: pamba chini, iodini katikati, bendeji sita juu, pale mkono unapofika kwanza. Athumani, mwana wa mama mkubwa aliyenilea, naye askari, alikuwa akinicheka.

"Wapanga kama bi harusi apangavyo sanduku."

Mama mkubwa akatoka ndani na chupa ya asali, mafuta ya habasoda na furushi la majani ya mkunazi.

"Tia na hizi, mwanangu. Nduguyo akipata kidonda hakiponi upesi."

Kisanduku kilikuwa kimejaa. Lakini kwetu mtoto hamwambii mzazi hapana. Nikasema, "Inshallah, mama," nikatoa bendeji nne nipate nafasi, nikaziweka ndani juu ya kabati. Nilijiambia nitapata nyingine melini. Melini sikupewa, kila dresa alikuwa keshapata fungu lake.

Huko Bama tulipigana msituni, matope yakitufika magotini. Asubuhi moja nilifunga majeruhi wawili, bendeji zikaisha.

Kisha risasi ikampata Athumani pajani.

Nilifungua kisanduku. Chupa. Majani.

Nikararua shati langu. Lilikuwa bichi, likateleza. Nikashindilia kwa mikono miwili.

"Kaza," aliniambia. "Kaza, ndugu yangu."

Nilikaza hata baada ya yeye kunyamaza.

Huenda bendeji nne zisingemwokoa. Daktari wa kikosi aliniambia hivyo, na mimi mwenyewe nimewaona waliofungwa vizuri wakafa. Najua pia kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Hata hivyo moyo wangu haujakubali, na mimi sasa ni mzee.

Vita vilipokwisha nilirudi Likoni. Siku tatu nilikula chakula cha mama mkubwa bila kumtazama usoni. Ya nne nikamweleza yote. Nilitarajia anilaani, laana ningeiweza.

"Nawe ndiwe uliyeijua kazi," alisema. "Mbona hukunikatalia, mwanangu?"

Alijifunika uso kwa ushungi akalia, nami sikuthubutu hata kumshika bega.