Fundi Aliyevua Soksi

Kalamu na mimi hatujawahi kupatana, lakini mmeng'ang'ania niandike habari za yule fundi, basi shikeni. Chumba cha vioo, mume wangu Aksel alikijenga mwenyewe ubavuni mwa nyumba. Kiangazi kilikuwa tanuri, majira ya baridi barafu tupu, na Aksel, tangu miguu imgomee, hana pengine pa kuitazamia bustani yake. Nilipomwita fundi aje kukitengeneza, alivua viatu mlangoni kama kila mtu, kisha akavua na soksi. Akatembea pekupeku, polepole, mkono ukipapasa kila kioo, akikinong'oneza chumba, "Haya mama, sema," kama anayekamua ng'ombe mkaidi. "Bibi, baridi yako inatoka sakafuni." Akatandika sufu nene juu ya saruji, na mbao juu yake. Halafu akapanda ngazi, akakuta kidirisha cha paani kimegandishwa kwa rangi ya buluu.

"Nani kakiziba hiki?"

"Nitajuaje mimi? Labda upepo."

Nilikiziba mimi, nikidhani baridi inashukia pale. Fundi akakitazama kigoda changu, buluu ileile. Aksel akakohoa kuficha kicheko. Fundi alikwangua rangi taratibu, akakifungua, akafunga kamba, akanikabidhi mimi ncha yake. "Joto likizidi, vuta. Wewe ndiye mwenye chumba."

Sasa Aksel anakunywa kahawa humo Januari na Julai. Na wewe unayesoma, vua soksi sasa hivi, ukanyage sakafu yako, kisha uje uniambie ilichokujibu.