Ngozi ya Ubao wa Gidahosh

Hebu mwone Kornelia anavyofika Gendabi. Bodaboda imemshusha njia panda, maana dereva anaogopa mbwa wa boma analokwenda, na sasa anakuja kwa miguu: mwanamke mnene kidogo, rangi ya bluu kwenye kucha, amefunga kitu kirefu mgongoni kwa khanga. Kwa mbali ungesema amebeba mtoto. Ni ubao uliovunjika katikati, anampelekea mwenyewe.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, maana ubao hauvunjiki bila habari.

Kornelia ni wa Nangwa, kwa wakulima, lakini pale mjini Katesh wanamjua kwa mabango. Ile saluni yenye picha ya mwanamke asiye na shingo ni kazi yake. Bucha lenye ng'ombe anayetabasamu, yeye pia. Siku moja rafiki yake Mariamu, muuza viatu, alifungua robota la mitumba akakuta ndani mbao zenye magurudumu manne manne. Skeitibodi. Wateja wakauliza kama ni za kubebea ndoo. Mariamu akapanda mmoja, akaanguka, akapanda tena. Mudathir, fundi wa zege, akatazama kwenye simu wenzetu wanavyofanya, akawajengea mteremko wa saruji. Basi watatu hao wakapanga ghala kuukuu la mahindi, wakalipaka chokaa, wakaligeuza nyumba ya maonyesho. Kila ubao unachorwa upande wa chini, unatundikwa watu wautazame, kisha unashushwa na kupandwa. Michubuko ya saruji nayo ni sehemu ya picha.

"Sasa mnachora ili mharibu?" watu waliuliza.

"Kwani wewe kitenge unanunua ukitundike?" Kornelia akawajibu.

Kosa lake lilikuwa kwenye ubao wa kwanza kabisa. Aliuchora alama aliyoiona mnadani ubavuni mwa dume la ng'ombe, duara lenye mikia miwili. Aliipenda tu. Maonyesho hayajachangamka, akaingia Mzee Gidahosh, mfugaji Mbarbaig wa Gendabi. Akanyoosha fimbo ukutani.

"Nani amemleta ng'ombe wangu humu?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Ilikuwa chapa ya ukoo wake, na chenye chapa ile ni cha zizi lake. Kornelia, aliyekulia nyumba moja na ng'ombe, alisikia masikio yakiwaka. Hilo angepaswa kulijua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mfute."

"Nikimfuta nitakuwa nimemuua, baba. Nikabidhi."

Huku kwetu ng'ombe hukabidhiwa. Unampeleka kwa jirani, anamtunza na kunywa maziwa, lakini mnyama anabaki wako. Akifa, jirani hali nyama akanyamaza. Anakuletea ngozi yenye chapa, anakueleza alikufaje. Asiyeleta ngozi hakabidhiwi tena, yeye wala mwanawe.

Mzee alimkazia macho. "Ninyi watu wa Nangwa mna maneno! Haya. Lakini ngozi nitaitaka."

"Utaipata."

Tangu hapo wafugaji wengine nao walikuja kukabidhi chapa zao, mpaka ukuta ukajaa. Sasa Jumapili iliyopita Mariamu akaruka na ubao ule, ukalia kama kuni kavu, ukakatika.

"Tutie gundi, tupake rangi juu," alisema Mudathir. "Mzee mwenyewe siku hizi haoni vizuri."

"Na akikasirika tukimwambia?" Mariamu akauliza, kiwiko kimevimba. "Akichukua chapa yake, wengine watachukua zao. Tutabaki na chokaa."

"Mimi nimechora ng'ombe anayetabasamu," Kornelia alisema, akiokota vipande. "Lakini kudanganya ngozi, hapana."

Ndiyo maana yuko Gendabi. Mzee Gidahosh ameketi kwenye kigoda, mbwa wamenyamazishwa. Anafungua khanga aliyowekewa mapajani, anapitisha kidole kwenye chapa iliyochubuka.

"Alikufaje?"

"Aliruka, baba, akatua vibaya. Mgongo ukakatika."

"Nyama mmekula?"

"Magurudumu tumeyatoa. Tumeyafunga kwenye ubao mwingine."

"Kumbe mmekula miguu!" Mzee anacheka mpaka anakohoa. "Haya, afadhali amekufa akikimbia. Wangu wengi hufa kwa kuharisha."

Anamletea maziwa kwenye kibuyu, anamwacha anywe. Kisha anauweka ubao katikati yao.

"Sikiliza, binti. Nakupa kimoja. Rudi na ngozi hii uitundike, lakini isishuke tena, na mwingine usiniombe. Au niachie, ukamchore mwingine mzima, akimbie, na siku moja umlete hapa hivi hivi. Vyote viwili hapana. Sijakuzoea kiasi hicho."

Kornelia anatazama michubuko. Kila mstari anaujua, huu wa Mariamu, huu wa asubuhi saruji ilipokuwa haijakauka vizuri. Hatachora kitu kama hicho hata akichora mpaka uzee. Halafu anaukumbuka mteremko, na sauti ya magurudumu yakishuka. Kule Katesh wenzake wanamsubiri, na msumari wa ubao ule uko mtupu ukutani.

Anaweka kibuyu chini, ananyoosha mkono. Wewe ungekuwa yeye, ungeichukua ngozi, au ungemwomba anayekimbia?