Kupe wa Jumatatu, Shemeji wa Jumanne

Saa nne kasoro dakika tano asubuhi, watu saba wameegemea viti saba, kila mmoja amenyoosha mkono wenye sindano mbili. Mashine zinazunguka. Damu inatoka, inapita kwenye chujio, inarudi mwilini. Hakuna anayeiangalia. Wote wanaangalia mfuko wa aproni ya mwanamke mmoja mnene anayepiga deki katikati ya chumba.

"Mama, saa nne hiyo."

"Bado. Usinifundishe saa, mimi nimeingia hapa wewe ukiwa usingizini."

Anamaliza kona yake bila haraka, anakamua tambara, ananawa mikono. Ndipo anapochomoa mfukoni rimoti iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni, anaielekeza kwenye televisheni iliyotundikwa juu ya dirisha, na chumba kizima kinanyamaza.

Huyu ndiye Mama Rimoti. Ana miaka arobaini na tisa, na kwa miaka kumi na mmoja amekuwa mhudumu wa chumba hiki cha hospitali, ambamo watu ambao figo zao zimechoka huja kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara. Yeye si muuguzi. Anafuta viti, anabeba madumu ya dawa za mashine, anawapima uzito, anashika pamba pale sindano inapotoka. Mshahara wake unamfikisha tarehe kumi na nane, halafu anaishi kwa sabuni za maji anazotengeneza nyumbani na kuuza kwa majirani.

Rimoti aliipata kwa amri. Zamani ilikaa juu ya kabati, na wagonjwa waliigombania kama watoto. Siku moja mzee mmoja alijinyoosha kuifuata, sindano ikachomoka, damu ikaruka hadi ukutani. Muuguzi mkuu akasema basi, kuanzia leo rimoti inakaa kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo ana mikono miwili iliyo huru.

"Cheo changu cha kwanza maishani," anasema na kucheka hadi aproni inatikisika.

Kinachosubiriwa saa nne ni tamthilia ya kigeni iliyotiwa sauti za Kiswahili. Mhusika wake mkuu ni mnyonya damu: kijana aliyeumwa shingoni na kiumbe cha ajabu, akarudi kwao akiwa hawezi tena kuishi bila damu ya watu. Kuiangalia tamthilia ya namna hii ukiwa umechomekwa kwenye mashine ya damu kunahitaji moyo, au ucheshi. Chumba hiki kina vyote viwili.

Tamthilia huonyeshwa Jumatatu hadi Jumamosi. Lakini wagonjwa wamegawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza huja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. La pili huja Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Siku zao za nyumbani, saa nne huwakuta kazini, au wamelala hoi. Kwa hiyo kwa muda mrefu kila kundi liliona nusu ya hadithi, bila kujua kwamba ni nusu.

Kundi la Jumatatu lilimpa mnyonya damu jina la Kupe. Kundi la Jumanne lilimwita Shemeji, kwa kuwa alikuwa akimchumbia binti wa mfinyanzi na wao walishajihesabu upande wa bibi harusi.

"Nilikaa mwezi mzima nikidhani wanataniana," anasema Mama Rimoti. "Leo naambiwa Kupe kaua mlinzi wa shamba. Kesho naambiwa Shemeji kamzika mlinzi, kalia, kawapelekea yatima wake unga. Nikasema jamani! Hawa wanazungumzia watu wawili. Anayemjua mzima ni mimi, mpiga deki."

Lingebaki jambo la kuchekesha tu, kama si mgonjwa wa kiti namba tano.

Alikuwa seremala, mwenye miaka thelathini na minane, wa kundi la Jumatatu. Siku zisizo za mashine alikuwa kwenye randa, akitengeneza milango. Mdogo wake wa kike, mpishi wa shule, alikuwa amepimwa na vipimo vyote vikakubali: figo yake moja ingeweza kumfaa kaka yake. Chumba cha upasuaji kilishapangwa. Seremala akakataa. Daktari akamwita mara ya pili, akakataa tena. Akaambiwa mwisho wa mwezi ndio mwisho, baada ya hapo nafasi atapewa mwingine.

"Alikuwa anakataa kwa adabu," Mama Rimoti anakumbuka. "Anasema, asante daktari, acha nife na viungo vyangu. Mimi nipo chini na tambara langu, nasikia. Roho inaniuma."

Jumatatu moja, katika tamthilia, mnyonya damu alikunywa damu ya mdogo wake mwenyewe. Dada alimnyooshea mkono, yeye akainama, dada akaanguka sakafuni. Picha ikaishia hapo. Chumba kikapiga kelele. Mwalimu mstaafu wa kiti namba mbili, mpinzani mkuu wa Kupe, alitukana tusi ambalo Mama Rimoti hakutegemea kulisikia kwa mwalimu.

Seremala hakupiga kelele. Alisema tu, "Mnaona? Mtu anayepona kwa mwili wa mdogo wake, jina lake ndilo hilo hilo mlilompa."

Hapo ndipo Mama Rimoti alipoelewa kinachomfanya akatae.

Kesho yake, mbele ya kundi la pili, aliona sehemu iliyofuata. Dada aliamka, akaomba chakula, akamgombeza kaka yake kwa kulialia. Ikaonyeshwa pia jinsi dada alivyombembeleza siku tatu akubali damu yake, naye akikataa. Mama Rimoti hakulala vizuri kwa kusubiri Jumatano amsimulie seremala. Alipomsimulia, seremala alitabasamu.

"Mama, unanitungia."

"Nitunge nini mimi? Mimi hata barua ya likizo naandikiwa!"

Hakuamini. Asubuhi ile ile, kabla hajachomwa sindano, mashine mbili ziliharibika, na ikabidi wagonjwa wawili wa Jumatano wasogezwe Alhamisi, fundi akishamaliza, maana kundi la pili lilikuwa na nafasi. Muuguzi mkuu alikuwa bado anaangalia orodha nani anaweza kusubiri bila madhara. Uzito wa seremala ulikuwa mzuri, mapigo yake mazuri. Mama Rimoti, ambaye kwa kawaida haingilii orodha, alitaja namba tano.

"Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia ukweli, kwamba nataka aangalie televisheni." Muuguzi mkuu, akiulizwa na mwandishi wa makala haya, anakiri kwamba aliandika namba tano.

Alhamisi, seremala alijikuta katikati ya watu asiowajua, karibu na bibi wa kiti namba nne anayesuka vikapu kwa mkono mmoja. Tamthilia ilipoanza, seremala aliguna, "Kupe huyo."

Bibi aligeuza shingo. "Nani kupe? Huyo ni shemeji yetu, mwanangu. Chunga mdomo."

"Bibi, kanywa damu ya mdogo wake, nimeona kwa macho yangu."

"Wewe ulimwona akinywa. Sisi tulimwona akibembelezwa. Sasa nyamaza tusikie."

Katika sehemu ya siku hiyo, wanakijiji wamemkamata mnyonya damu, na mdogo wake anasimama mbele yao kwa miguu yake, akiwa mzima. Anasema, "Sikuibiwa. Nilimpa." Bibi wa vikapu alipiga paja kwa furaha hadi muuguzi akamwonya kuhusu sindano.

Mashine ya seremala ikazimwa. Mdogo wake alikuja kumchukua kama kawaida, na viatu vya kaka yake mkononi, maana miguu ilikuwa ikimvimba. Alipokuwa amechuchumaa kumvalisha, seremala alimuuliza swali. Mama Rimoti alikuwa hatua mbili pembeni na chupa yake ya dawa ya kufutia viti.

"Kwani wewe mwenyewe unataka?"

Dada hakuinua kichwa. Alimaliza kufunga kamba ya kiatu. "Miezi mitano nangoja uniulize, kaka," alisema. "Umemjibu daktari, umemjibu mama, umejijibu mwenyewe. Mimi hujaniuliza."

Wote wawili walilia, na Mama Rimoti akafuta kiti kimoja mara nne.

Upasuaji ulifanyika siku nne kabla ya mwezi kwisha. Chumbani siku hiyo hakuna aliyeomba televisheni. Saa saba mchana simu ya muuguzi mkuu iliita. Alisikiliza, akaishusha, akatangaza habari ambayo kwa heshima ya wasomaji ingefaa kuandikwa kwa mafumbo, lakini chumba hakikuwa na mafumbo: "Amekojoa!"

Kwa watu ambao baadhi yao hawajakojoa kwa miaka, hakuna neno tamu kuliko hilo. Walishangilia. Mwalimu mstaafu alidai aambiwe ni mililita ngapi.

Sasa ni miezi saba. Dada amerudi kwenye masufuria yake, seremala kwenye randa. Seremala anasema si tamthilia iliyomponya. "Ilinifumbua mdomo tu. Nilikuwa nakataa kitu cha mtu bila kumuuliza mwenyewe."

Mwalimu mstaafu hajabadilika. Ameshasimuliwa nusu nyingine yote, na bado anasema Kupe ni Kupe, kwa sababu mlinzi wa shamba hakuombwa ruhusa. Mama Rimoti hambishii. Yeye mwenyewe anamwonaje? "Namwona mgonjwa. Anajua kuchukua na anajua kukataa, ila kuuliza ndiko hajajifunza."

Katika chumba hiki, kiti kikibaki wazi ghafla, watu hawaulizi. Mama Rimoti hukifuta peke yake, huwa hataki kusaidiwa. Amefanya hivyo mara nyingi kwa miaka kumi na mmoja. Namba tano ndicho kiti cha kwanza alichokifuta huku akiimba, na tumaini lake, anasema, ni kuimba tena kabla hajastaafu.

Leo kiti hicho kina mtu mpya, msichana wa chuo, siku yake ya kwanza, macho yamevimba kwa kulia. Anatazama televisheni kwa nusu saa. Kisha anamshika Mama Rimoti aproni kwa mkono ulio huru.

"Mama, huyu kaka ni mzuri au mbaya?"

"Umepangiwa siku gani, mwanangu?"

"Jumatatu, Jumatano, Ijumaa."

Mama Rimoti anamfunika vizuri miguuni.

"Basi zile nyingine nitakusimulia mimi."