Kibla Ilikuwa Upande wa Ukuta

Mwalimu wetu wa historia alitusimulia kwa furaha jinsi Wajerumani walivyobomoa ukuta uliougawa mji wao mkubwa, akasema upepo ule ungefika hadi Kigali. Ulifika kweli. Tukapata vyama vingi, na mtaani kwetu Rwezamenyo tukapata na ukuta.

Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, na kazi yangu ilikuwa kukaa nyumbani. Nilikaa kwa bidii. Wenzangu walikwenda mikutanoni na kofia za vyama. Mimi nilimenya viazi. Mama aliwaambia wageni kwamba wengine wanafuga paka, yeye ana mimi.

Kati yetu na jirani palikuwa na uzio wa miyenzi, ile mimea ya utomvu mweupe, na katikati pengo lililotanuliwa na makalio ya mama yangu na mke wa jirani. Moto, chumvi, watoto na umbea vyote vilipita hapo. Kisha baba akaingia chama kimoja, jirani akaingia kingine. Kila mmoja akatundika bendera. Jioni wakawa wanashindana kuongeza sauti ya redio, ingawa zote mbili zilikuwa kwenye stesheni ile ile. Siku moja baba akasema, jirani akisikia, kwamba chama cha huyo jirani ni cha watu wanaouza kura kwa chupa ya bia. Jirani bia aliipenda kweli, ndiyo maana iliuma. Akang'oa miyenzi, akaleta matofali ya udongo, akajenga ukuta mrefu kuliko mama.

Na kibla yetu ilikuwa upande huo huo. Kila sala baba alitandika mkeka akauelekea ukuta aliokuwa ameapa hatautazama.

Yaliyokuja baadaye tunayajua sote. Mimi nasimulia Jumapili moja tu.

Mke wa jirani alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na aliyempokea mtoto yule ni mama yangu, mkunga akiwa bado njiani. Sasa ubatizo ulikuwa umefika. Mtaani kwetu Mkristo akifanya sherehe humwita jirani Mwislamu aje kuchinja, ili wote wale pamoja. Asipokuita kuchinja, hajakualika, hata akikuletea kadi yenye maua. Kwa nyumba ile mchinjaji siku zote alikuwa baba. Safari hii hakuitwa. Mama alikuwa ameshashona kitenge kipya; alikitoa sandukuni, akakitazama, akakikunja tena. Hakuwa akitaka chakula chao. Alitaka kumpakata yule mtoto siku ya jina lake.

Asubuhi ile baba alikuwa ametoka kwenda kunyolewa. Sauti ya mke wa jirani ikaja juu ya ukuta.

"Dada! Uko hapo?"

"Nitakuwa wapi tena?"

"Mzee wangu iko naoga. Pokea haraka!"

Jogoo akashuka kichwa chini, miguu imefungwa kamba ya mgomba. Nyuma yake wa pili.

"Baba yao hayupo," mama akasema.

"Na huyo wa viazi? Si mwanamume?"

Mama akanipima kwa macho, kichwani hadi miguuni.

"Tunaambiwa hivyo," mama akajibu.

Sikuwa nimewahi kuchinja hata kifaranga. Nilishika kisu, nikauliza kibla iko wapi, mimi niliyezaliwa ndani ya ua ule.

"Utazame ukuta, mwanangu. Utazame ukuta tu."

Nikapiga bismillahi ya kusikika hadi barabarani. Upande wa pili maji ya kuoga yakakoma.

"Nani anapiga kelele hivyo?" jirani akauliza kutoka bafuni. "Mchinjaji au kuku?"

Mama alinishika mkono. Tulisubiri matusi. Badala yake maji yakaanza kumwagika tena, na mwenye kuoga akaanza kuimba wimbo wa kanisani. Mama akaniachia mkono, akawarudisha majogoo juu ya ukuta, akaenda kuvaa kitenge.

Waliporudi kutoka kanisani tulizunguka kwa barabara. Jirani alikuwa amesimama mlangoni na tai yake.

"Pita, dada," akamwambia mama bila kumtazama vizuri. "Huyu analia tangu kwa padri. Labda ni wewe anakutafuta."

Akamwekea mtoto mikononi. Mtoto hakunyamaza hata kidogo, akalia zaidi, na mama akamkumbatia na kilio chake chote, akakaa naye chini kama mtu aliyefika nyumbani. Nami jirani akanipiga bega: "Karibu, mchinjaji. Majogoo wako walikufa kwa kelele, kisu hakikuwahi."

Mkewe akanipa sahani nimpelekee baba. Nilimkuta peke yake uani, nywele zimenyolewa vizuri bila pa kwenda.

"Nani kachinja?"

"Mimi."

Aliitazama nyama, akanitazama mimi, akaitazama nyama tena. Akala paja. Akala na shingo. Halafu akasimama mbele ya ukuta na sahani mkononi.

"Wee jirani! Humu chumvi hamkutia!"

Kule vicheko vikakatika.

"Sufuria iko huku!" sauti ikarudi. "Njoo uitie mwenyewe!"

"Nitakuja na ya kwangu!"

"Njoo nayo! Na sahani yetu urudishe!"

Baba akanigeukia kwa ukali, akaniuliza viatu vyake nimeviweka wapi. Alikuwa amevivaa.